Jabira

Nilihamia Isiolo mwezi wa kwanza mwaka 2013 kufundisha hesabu katika shule ya upili. Nilikuwa na umri wa miaka 26. Kutoka Meru mjini hadi Isiolo ni mwendo wa kama saa moja kwa matatu, na njia inateremka: unaiacha migomba na mashamba ya miraa juu, joto linaanza kukupiga usoni, kisha unaona migunga, vumbi, na ngamia wamesimama kando ya lami. Nyumbani kwetu Meru, watu wa huko chini walitajwa pale tu ng'ombe walipoibwa. Sikumbuki mtu aliyenikalisha chini akanifundisha kuwadharau. Nilikua nikisikia, nikaamini. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yaliyofuata yalianzia hapo, na sitaki msomaji adhani nilikuwa mtu mwema aliyeteleza siku moja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata mume wangu hakulijua. Nilikuwa nafundisha kitu nisichokielewa.

Aljebra niliipata kwa kukariri. Mwalimu wetu alituambia kwamba nambari ikivuka alama ya usawa, hugeuka: ya kutoa inakuwa ya kujumlisha, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Kwa nini igeuke? Hakuna aliyeuliza. Nilikariri, nikapata A, nikaenda chuo, nikafaulu tena, kisha nikashika chaki na kuwaambia watoto wa watu maneno yale yale. Mtu anayefundisha asichokielewa huogopa swali kuliko anavyoogopa mkaguzi. Woga wangu niliuvika ukali. Wanafunzi walipokaa kimya niliita kimya hicho nidhamu, na mwalimu mkuu akanisifu kwa darasa lililotulia.

Wengi wa wanafunzi wangu walitoka madrasa asubuhi na mapema kabla ya kuja shuleni, au walikwenda huko jioni na siku za mapumziko. Niliwaona wakija na macho mekundu ya usingizi, nikasema moyoni kwamba muda ule ungefaa hesabu. Wakati mwingine sikusema moyoni, nilisema kwa sauti.

Mwaka 2015, muhula wa pili, nilikuwa kidato cha pili nikiandika ubaoni kichwa cha somo. Kijana wa dawati la nyuma, Mborana aliyekuwa akiishi na babu yake katika mtaa wa Bulapesa, akainua mkono.

"Mwalimu, hili neno aljebra ni la Kiarabu?"

"Nani kakuambia?"

"Linafanana na neno la madrasa, mwalimu. Nilitaka kujua maana yake."

Sikuijua maana yake. Lingekuwa jambo dogo sana kusema hivyo. Badala yake nikamwambia, "Hapa tunafanya hesabu. Ya madrasa yabaki madrasa." Darasa likacheka, nami nikaliacha licheke. Akaketi. Akalifunga daftari lake polepole, akaweka kalamu juu yake, akatazama dirishani mpaka kengele ikalia. Hakuinua mkono tena mwaka ule. Alama zake za hesabu zilianza kushuka, nami niliandika kwenye ripoti yake kwamba hajitahidi.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nilianguka kutoka kwenye bodaboda. Mbuzi walivuka barabara jioni, dereva akajaribu kuwakwepa, nikatupwa upande. Kigasha cha mkono wa kushoto kilivunjika. Hospitalini walinipiga picha, wakauweka mfupa sawa, wakanifunga plasta kutoka chini ya kiwiko hadi kwenye vidole, nikaambiwa nikae nyumbani.

Jumamosi moja mtu akabisha hodi. Alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe na fimbo, na nyuma yake amesimama yule kijana wangu wa dawati la nyuma, amebeba mtungi mdogo wa manjano wa maziwa ya ngamia. Nilishikwa na aibu hata nikasahau kuwakaribisha. Mume wangu ndiye aliyewapa viti.

"Pole, mwalimu," mzee akasema. "Huyu mjukuu wangu ameniambia mwalimu wake amevunjika. Nikaona si vizuri nisije."

Sikujua kwamba mzee huyu alikuwa mtu wa kuunga mifupa. Watu walimletea waliovunjika kutoka Garba Tulla na Merti, na wafugaji walimletea ndama na wana-ngamia pia. Hakuigusa plasta yangu kwa nia ya kuifungua. Aliniomba nichezeshe vidole kimoja kimoja, akatazama rangi yake, akaridhika. "Waliokufunga wamefunga vizuri," akasema. Kisha akaigusa plasta kwa ncha ya kidole, akasema, "Hii ndiyo jabira."

Nikamuuliza jabira ni nini. Akaniambia ni vijiti, kitambaa au chochote kile kinachofungwa kuushika mfupa mpaka uungane. Muislamu mwenye jabira akitawadha haifungui. Anapitisha mkono wenye maji juu yake, na udhu wake unatimia. Watoto husoma hilo madrasa katika mlango wa twahara.

"Huyu alilisoma hilo," akaendelea, akimwelekeza kijana kwa kidevu. "Akaja nyumbani akaniuliza kama aljebra ya hesabu zenu na jabira yetu ni ndugu. Mimi kazi yangu ni mifupa. Nikamwambia, kamuulize mwalimu wako." Akanigeukia kwa heshima ambayo sikuistahili. "Mwalimu, ni ndugu?"

Nilimtazama kijana. Alikuwa ameinamisha macho kwenye mtungi wa maziwa. Nikaelewa kwamba hakuwa amemwambia babu yake jinsi nilivyomjibu. Kwa miezi minane au tisa alikuwa amenisitiri.

Nikasema, "Sijui, mzee. Nitatafuta." Sikuwahi kutamka neno "sijui" mbele ya mwanafunzi. Lilitoka kwa shida, na baada ya kutoka nyumba haikuanguka.

Usiku ule nilianza kutafuta kwa simu, mkono mmoja umelala juu ya mto. Niliendelea usiku mwingi. Nitaeleza nilichokipata kama nilivyokipata, kwa sababu kilinibadilisha kwa mpangilio huo.

Nilipata kwanza jina la mtu: Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Jina lake la mwisho linatokana na Khwarazm, eneo lililo kusini mwa bahari ya Aral, na kazi yake aliifanya Baghdad, zama za khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Aliandika kitabu kuhusu namna ya kutafuta kiasi kisichojulikana. Nikakiona kichwa cha kitabu kimeandikwa kwa herufi zetu: al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wa-l-muqabala.

Nilikisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma jina la dawa. Mara ya pili nikasimama. Kitabu. Muhtasari. Hisabu. Mkabala. Mimi, Mmeru niliyelelewa kanisani, ambaye sijawahi kukalia mkeka wa madrasa, nilikuwa nasoma kichwa cha kitabu cha Baghdad cha miaka elfu moja na mia mbili iliyopita na kukielewa kwa Kiswahili changu cha kila siku. Neno moja tu lilinishinda. Na hilo lilikuwa limefungwa mkononi mwangu.

Jabr ni kuunga kilichovunjika, kukirudisha mahali pake. Mfupa ukiungwa, hiyo ni jabr. Nikasoma kwamba Wahispania, waliotawaliwa na Waarabu kwa karne nyingi, walimwita muunga mifupa algebrista, na Cervantes bado alilitumia neno kwa maana hiyo katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615. Hata Kiingereza cha zamani kiliwahi kuita kazi ya kuunga mifupa aljebra. Mwaka 1145, katika mji wa Segovia, Mwingereza aliyeitwa Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-Khwarizmi kwa Kilatini. Neno al-jabr likaingia katika Kilatini. Likaendelea kusafiri mpaka likafika kwenye ubao wangu Isiolo, ambako mtoto aliyelijua aliambiwa anyamaze.

Lakini kilichonivunja moyo na kunijenga kwa wakati mmoja ni kujua jabr katika hesabu ni tendo gani. Al-Khwarizmi hakuwa na alama tunazotumia sisi. Aliandika kila kitu kwa maneno. Kiasi kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu, au mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe aliuita mal, na hilo ni neno letu mali. Ana mfano huu: mali moja ni sawa na mizizi 40 kasoro mali 4. Tazama upande wa pili. Umepungukiwa. Kuna mali nne zimenyofolewa kwake, kama mfupa uliotoka mahali pake. Basi urudishie mali zake 4, upone uwe mizizi 40 kamili. Na kwa kuwa pande hizi mbili ni sawa, ulichoupa mmoja sharti uupe wa pili, ambao sasa unakuwa na mali 5. Mali 5 ni sawa na mizizi 40, mali moja ni sawa na mizizi 8, kwa hiyo mzizi ni 8 na mali ni 64.

Huko kurudishia ndiko jabr. Kitu hakikuvuka daraja na kugeuka rangi kama nilivyokaririshwa. Upande uliovunjika umeungwa, na mwenzake ukapewa kiasi kile kile ili usawa usiharibike. Na mkabala ni kuzikabilisha pande mbili, kinachofanana huku na huku ukakiondoa kote. Kama huku kuna 50 na mali moja, na kule kuna 29 na mizizi 10, unaondoa 29 pande zote, unabaki na 21 na mali moja zikikabiliana na mizizi 10.

Miaka yote ile nilikuwa nikitenda tendo hili ubaoni bila kulijua. Maana yake ilikuwa imelala ndani ya jina lake, na mwanafunzi alikuwa ameniuliza jina. Alikuja na nusu ya jibu mkononi, akitaka tu nimsaidie kuiona nusu ya pili. Nililia, nasema kweli. Sikulia kwa uchungu wa mkono.

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia kwamba asubuhi yake nilikwenda kumwomba msamaha. Sikwenda. Niliporudi kazini, plasta ikiwa bado mkononi, niliingia kidato cha tatu, nikaandika al-jabr ubaoni na kueleza yote: Baghdad, mifupa, jabira, mali na mzizi. Wanafunzi walifungua macho. Mmoja akasema, "Mwalimu, umejuaje haya yote?" Nikajibu, "Mwalimu husoma." Kijana alikuwa pale pale nyuma. Hakusema neno. Nilikuwa nimemnyang'anya swali lake, sasa nikalivaa kama langu.

Kosa hili la pili lilinitesa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya gizani. Hili nililifanya taa ikiwa imewashwa. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiingia darasa lile na kutoka bila kutazama dawati la nyuma. Nilijiambia kwamba mwalimu akiomba msamaha mbele ya wanafunzi watamkalia kichwani. Nilijiambia kwamba kijana amesahau. Nilisali nikiomba amani, na amani haikuja, kwa sababu nilikuwa nikiiomba bila kutaka kulipa deni.

Plasta iliondolewa. Mkono uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba, ngozi imepauka, na haukuweza kushika hata kikombe. Daktari alisema mfupa umeungana, ila misuli itafundishwa upya, pole pole, kila siku. Nikatoka pale nikiwa nimechoka kujificha. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikasema: swali la maana ya aljebra si langu. Aliliuliza mwenzenu mwaka jana, na mimi nikamwaibisha kwa sababu sikujua jibu. Juzi nikawafundisha kana kwamba nimelivumbua mimi. Nikamtaja jina, nikamwambia, "Naomba unisamehe."

Kimya kilichofuata sikukizoea. Kijana akasimama, kama wanavyosimama wakisemeshwa na mwalimu. "Yameisha, mwalimu," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Babu bado anangoja jibu."

Jioni ile tulikwenda pamoja Bulapesa. Mzee alikuwa nje kwenye mkeka. Nikamwambia ni ndugu, mzee, baba mmoja mama mmoja. Akacheka kwa furaha, akamwita jirani aje asikie. Kisha akanieleza jambo ambalo simu haikuwa imenipa: kwamba katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu kuna al-Jabbar, ambalo Kiswahili kimelifanya Jabari, na wanazuoni hulieleza kwa maana mbili. Ya kwanza ni Mwenye kushinda, asiyepingwa. Ya pili ni Mwenye kuunga waliovunjika. Nilirudi nyumbani na neno hilo, na baadaye nikaona kwamba mzizi huo huo uko katika Kiebrania pia, katika maneno ya nguvu na ushujaa, na kwamba ndimo lilimotoka jina Gabrieli, ambaye majirani zangu humwita Jibrili. Nilikuwa nimemsikia Gabrieli kila Krismasi tangu utotoni.

Sikugeuka mtu mpya kwa siku moja. Ukali ni mazoea, na mazoea yana mizizi yake. Mwaka ule ule nilimfokea msichana aliyekuwa akihesabu kwa vidole, nikatoka darasani, nikarudi kumwambia nimekosa. Mara ya pili ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya kwanza. Nilianza kuwauliza wanafunzi kila neno la hesabu linawakumbusha nini. Nilipowaambia kwamba al-Khwarizmi aliita mali kile tunachokiandika kwa kipeo cha pili, walicheka kwa kuwa kwao mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na ukimuuliza mtu wa huku ana mali kiasi gani hatakutajia pesa. Nikawaambia pia kwamba sehemu kubwa ya kitabu kile ni hesabu za mirathi, namna ya kuwagawia warithi haki yao bila kudhulumu. Wasichana wawili wakaniletea kesho yake mgawanyo wa mifugo wa kweli uliokuwa ukizozaniwa katika koo zao, bila majina, tukaukokotoa ubaoni hadi kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Tulipofika kwenye sifuri, niliwauliza zero ya Kiingereza ina ujamaa gani nayo. Hawakuamini nilipowaonyesha kwamba zote mbili ni watoto wa sifr ya Kiarabu, yaani tupu, na kwamba Fibonacci wa Pisa aliliandika zephirum kwa Kilatini mwaka 1202, na Waitalia wakaendelea kulipunguza mpaka likawa zero. Sifuri yetu ndiyo iliyobaki karibu na mama yake.

Matokeo ya darasa yalipanda kidogo, si ya kutangaza. Kilichobadilika zaidi ni kelele. Darasa langu sasa lina kelele za maswali, na maswali mengine siyawezi. Namwambia anayeuliza, "Sijui, tutafute," na bado kila mara nasikia kitu kikikaza kifuani kabla ya kulitamka.

Mwaka 2017, kijana akiwa kidato cha nne, nilimwomba aje kwenye darasa langu la kidato cha pili awasomee wadogo zake kichwa cha kile kitabu kabla hatujaanza aljebra. Nilikuwa nimekiandika ubaoni. Nikakisoma kwanza mimi, kisha nikampa nafasi. Alitazama ubao, akanitazama, akasita.

"Sema tu," nikamwambia.

"Mwalimu, si mu-kabala. Ni herufi qaf. Inatoka huku ndani," akasema, akijigusa koo.

Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, watoto wakinitazama midomo, na wengine wakaanza kujaribu nami. Mara ya tatu akasema, "Karibu," na mara ya nne akaniambia, "Hapo, mwalimu. Hapo hapo."